Barua Zilizopata Namba: Watu wa Ireland na Biro ya Dublin Castle, 1801–1838



Leo nawatoa kidogo kwetu, nawapeleka Ireland, kile kisiwa cha magharibi ya Uingereza. Wengi wetu jina hilo tunalijua kwa mambo mawili tu: askari wa ONU waliopigana Jadotville, yaani Likasi ya leo, mwaka 1961, na Roger Casement, konsuli mzaliwa wa pembeni ya Dublin, aliyeandika ripoti ya 1904 juu ya kaucho na mikono iliyokatwa wakati wa Leopold II. Mimi nilifika Ireland kwa njia ingine kabisa, kwa njia ya viazi. Nilikuwa nasoma juu ya magonjwa ya birayi, na yeyote anayesoma mildiu lazima atapita Ireland ya 1845, ile njaa kubwa. Nikarudi nyuma kidogo nikakuta njaa ingine, ya 1822, ambayo watu wamekwisha kuisahau. Na pembeni ya ile njaa nikakuta barua. Si kumi wala mia. Ni maelfu na maelfu ya barua za watu wa kila aina, zote zimepelekwa kwa nyumba moja: Dublin Castle, boma la serikali.

Mambo ya kuomba kwa Leta, sisi tuliomaliza masomo tunayajua. Unaandika barua, unatafuta bahasha safi, unapanda ngazi za biro, mtu anapiga muhuri kwenye kopi yako, ile tunaita akize, na unarudi nyumbani umeishika kama vile njo jibu lenyewe. Juu ya hiyo nilizichukua zile barua za Ireland kwa roho ya mtu anayejua inavyouma.

Kwanza, ni ajabu kwamba zipo. Tarehe 30 Juni 1922, Ireland ikiwa katika vita ya wenyewe kwa wenyewe, mlipuko mkubwa ulipasua nyumba ya hifadhi ya nyaraka za serikali kwenye majengo ya Four Courts, Dublin. Karatasi za mamia ya miaka ziliungua siku moja. Hesabu za watu za 1821, 1831, 1841 na 1851 karibu zote zilikwenda na moto. Mabaki machache tu yalipona. Ile ya 1821 peke yake ilikuwa imehesabu watu milioni 6.8, jina kwa jina, nyumba kwa nyumba. Lakini barua za biro ya Katibu Mkuu hazikuwa pale. Zilikuwa zimebakia ndani ya boma lenyewe, na moto haukuzifikia. Leo ziko katika Hifadhi ya Taifa ya Ireland. Ona basi: mkulima ambaye karani wa serikali alitembea mpaka mlangoni kwake kumhesabu, jina lake ni majivu. Jirani yake aliyeandika mwenyewe kuomba, jina lake, parokia yake na hesabu ya watoto wake bado vinasomeka.

Juu ya nini waliandika kwa hilo boma? Tangu tarehe 1 Januari 1801, Ireland iliunganishwa na Uingereza katika ufalme mmoja, na bunge la Dublin likafungwa. Wabunge wa Ireland walihamia London. Wakatoliki, ambao walikuwa wengi sana kupita wengine wote, hawakuruhusiwa kuketi bungeni mpaka 1829. Lakini utawala wa kila siku ulibaki Dublin. Juu kabisa kulikuwa na Lord Lieutenant, mwakilishi wa mfalme, tuseme gavana. Chini yake Katibu Mkuu, ambaye ndiye aliyeshika kazi yenyewe. Chini ya huyo, Katibu Mdogo. Sasa angalieni: Katibu Mkuu alikuwa pia mbunge, kwa hiyo miezi mingi ya mwaka alikuwa London, ng'ambo ya bahari. Robert Peel, yule aliyekuwa baadaye waziri mkuu, alishika hiyo kazi toka 1812 mpaka 1818. Akafuata Charles Grant mpaka 1821, halafu Henry Goulburn mpaka 1827. Hao walikuja wakapita. Aliyebaki pale pale, barua zikipita mikononi mwake, ni William Gregory, Katibu Mdogo toka 1812 mpaka 1830. Miaka kumi na minane! Alikuwa Mprotestanti wa msimamo mkali, hakutaka kabisa Wakatoliki wapewe haki sawa, na njo huyo aliyepokea maombi ya nchi ya Wakatoliki. Ukiniuliza nani alitawala Ireland ile wakati, mimi sitataja mfalme, nitamtaja huyo wa biro.

Mwaka 1818 ile biro ilianza mpango mpya. Ukiutazama haraka utaona ni kazi ya makarani tu: kila barua inayoingia inapewa namba, inaandikwa katika rejista ya mwaka ule, na jina la mwandishi linawekwa kwenye orodha. Mpango huo uliendelea zaidi ya miaka mia, mpaka mwisho wa utawala wa Kiingereza huko Dublin. Namba si haki, sawa. Lakini barua yenye namba haipotei kirahisi. Mtu akiandika mara ya pili, karani anafungua rejista, anatoa ile ya kwanza, anaziunganisha. Mtu akilalamika kwamba hakujibiwa, kuna mahali pa kuangalia. Biro ilijitengenezea chombo cha kujisaidia yenyewe, na bila kukusudia ikampa hata mjane wa kijijini nafasi katika kumbukumbu yake.

Tufungue moja basi, si ya mtu fulani, ila namna zilivyo kwa jumla. Inaanza na vyeo vyote vya Lord Lieutenant, mstari juu ya mstari. Chini yake: ombi la unyenyekevu la fulani, wa mahali fulani, wilaya fulani. Halafu linasimama neno moja peke yake, la lugha ya mahakama, lenye maana ya "linaonyesha". Toka hapo mwombaji hasemi "mimi" tena. Anasema "mwombaji wako". Mwombaji wako ana watoto watano. Mwombaji wako alitumikia jeshi la mfalme. Mwombaji wako hajashtakiwa hata siku moja. Na mwisho kuna ahadi: mwombaji wako, kama inavyompasa, atamwomba Mungu siku zote kwa ajili ya mheshimiwa.

Karatasi ikifika, inakunjwa kwa urefu, na upande wa nje karani anaandika namba, tarehe, jina, na muhtasari wa mstari mmoja au miwili. Shida ya nyumba nzima katika mistari miwili. Mara nyingi pale pale, mkubwa anaongeza maneno machache ya mkono wake: ipelekwe kwa jaji, ajibiwe hakuna nafasi, haiwezekani. Kwa hiyo kila karatasi ina pande mbili za kusoma. Mbele mtu anasema shida yake, nyuma unaona serikali inavyofikiri. Na nyuma mara nyingi ni fupi sana.

Rafiki yangu mmoja, nilipomweleza hayo, alisema: hao walikuwa wanapiga magoti tu, hakuna cha kujifunza. Sikubali naye. Ni kweli maneno yamejaa unyenyekevu, mpaka unaona haya kwa niaba yao. Lakini lile neno "linaonyesha" halipo bure. Mwombaji analeta ushahidi: miaka aliyotumika, jina la kamanda wake, cheti cha padri, sahihi za wakubwa wa eneo. Tena anamkumbusha mtawala kile mtawala mwenyewe anachojidai kuwa: baba wa watu, chemchemi ya huruma. Ukimwita mtu baba mbele ya mashahidi, umempa kazi ya ubaba. Akikataa, itaonekana ni nani aliyekataa. Wazee wetu kwenye baraza wanaujua sana mchezo huo.

Na nani aliandika kwa mkono? Hapo kuna hadithi ndani ya hadithi. Kufuatana na hesabu ya watu ya 1841, watu 53 kwa 100 wa miaka mitano na kupita hawakujua kusoma wala kuandika. Na magharibi ya kisiwa, raia walisema Kiireland nyumbani na sokoni, lakini biro ilisoma Kiingereza. Kwa hiyo mwombaji alitafuta mtu wa kalamu, na mara nyingi huyo alikuwa mwalimu wa kijiji. Walimu hao walikuwa na shule ndogo ambazo wazazi wenyewe walilipia, katika vibanda au hata chini ya ukingo wa miti. Desturi hiyo ilizaliwa wakati ambapo sheria ilimkataza Mkatoliki kufundisha. Mwalimu alipenda maneno makubwa, na wakati mwingine unaona wazi kwamba ombi la mwanamke wa shamba limevalishwa koti la Kilatini. Mwanamke anaeleza kwa Kiireland, mwalimu anageuza kwa Kiingereza cha mahakama, na mwisho mwanamke anaweka alama ya msalaba mahali pa jina. Sasa sauti hiyo ni ya nani? Ni ya wote wawili, nafikiri. Hesabu ya watoto ni ya mama, na yale maneno marefu ni ya mwalimu.

Lakini kalamu haikutosha. Ili ombi lisomwe kwa uzito lilihitaji mtu mkubwa aweke sahihi chini: kasisi, na hasa majistreti. Majistreti wa wakati ule hakuwa mwanasheria. Alikuwa bwana wa ardhi aliyepewa kazi ya kuhukumu kesi ndogo na kulinda amani katika eneo lake, bila mshahara. Mara nyingi ni yule yule anayekulipisha kodi ya shamba. Mtu aliyetaka kulalamika juu ya majistreti wake alipaswa kutafuta majistreti mwingine amshuhudie, na hao walikula meza moja. Biro ikipata lalamiko, jambo la kwanza lilikuwa kuandika kwa wakubwa wa lile eneo kuwauliza ukweli. Mnaelewa tatizo liko wapi.

Kuna aina moja ya barua ambayo inajaza masanduku, na sisi lazima tucheke kwa uchungu: kuomba kazi. Peel alipokuwa Katibu Mkuu, sehemu kubwa ya siku zake ilikwenda kwa watu waliotaka nafasi, wao wenyewe, watoto wao, wakwe zao. Wabunge waliomba kwa ajili ya waliowapigia kura, na mbunge aliyekataliwa angeweza kusahau kuipigia serikali kura. Baada ya 1815, vita na Napoleon vilipokwisha, hali ilizidi kuwa mbaya: askari wengi walirudi nyumbani, bei ya nafaka ikaanguka, kazi hakuna. Diploma haikuwa swali. Swali lilikuwa: nani anakujua kule juu? Sitaongeza neno hapo.

Barua nzito kupita zote ni za wafungwa. Mwanzo wa karne ya 19 sheria ilikuwa kali kiasi kwamba wizi wa kondoo ulikuwa kosa la kunyongwa. Wengi hawakunyongwa, adhabu ilibadilishwa kuwa kupelekwa ng'ambo, Australia, kwa miaka saba, kumi na minne au maisha. Wakati wa kungoja meli, wafungwa waliwekwa gerezani, na katika miaka ya 1820 wengine waliwekwa ndani ya meli kuukuu zilizogeuzwa gereza, moja bandarini Cork na ingine Kingstown karibu na Dublin. Njo hapo kalamu ilikimbia: mfungwa mwenyewe, mama yake, mke wake, wote wanaandika mbele meli haijaondoka. Ombi lilifika Castle, Castle ikalipeleka kwa jaji aliyesikiliza kesi, jaji akaandika maoni yake, na Lord Lieutenant akaamua. Wakati mwingine unakuta hata yule aliyeibiwa ameweka sahihi ya kuomba huruma, au watu wa baraza la mahakama waliomhukumu. Adhabu ilipunguzwa kwa baadhi. Kwa wengine jibu lilikuwa fomula moja, inayorudi tena na tena: sheria ifuate njia yake.

Nimefikiria sana ile fomula. Serikali ilikuwa na sheria ambayo yenyewe ilijua ni kali kupita kiasi, lakini haikuiondoa haraka. Ilipenda kubakia na upanga na huruma katika mkono mmoja, itoe huruma kwa mtu mmoja mmoja, akiomba vizuri, akiwa na sahihi nzuri. Kila msamaha ulimfanya mmoja kuwa mwenye deni la shukrani, na sheria ikabaki vile vile. Kwa hiyo nikisema zile barua zilikuwa na nguvu, sisemi zilikuwa na nguvu ya kubadilisha mfumo. Zilimuokoa mtu huyu au yule, na wakati mwingine ziliusaidia mfumo wenyewe kuendelea kuishi.

Sasa turudi kwa viazi, maana hapo mimi niko nyumbani.

Mwaka 1821, mvua za kipupwe zilinyesha bila kuacha. Viazi vilichimbwa katika udongo uliolowa maji, vikafukiwa kwenye mashimo vikiwa na unyevu, na vikaoza. Si mildiu, ile Phytophthora infestans ilifika Ireland 1845 tu. Huu ulikuwa uozo wa maji, ule ambao mkulima yeyote anayehifadhi birayi anaujua kwa harufu. Maskini wa magharibi na kusini walikuwa karibu na zao moja tu la kula. Shayiri na nafaka zingine walilima pia, lakini hizo zilikuwa za kulipa kodi ya ardhi. Kiazi hakihifadhiki mwaka mzima. Hata mwaka mzuri, miezi ya kiangazi ilikuwa miezi ya njaa mpaka mavuno mapya. Katika 1822 ile njaa ya kawaida ilianza mapema. Watu walikula mbegu. Ukila mbegu, umekula mwaka unaofuata.

Habari hizo Dublin ilizipata kwa njia gani? Kwa barua. Toka Clare, Galway, Mayo, Kerry, Cork, mapadri wa Kikatoliki na wachungaji wa Kiprotestanti, ambao mara nyingi hawakupatana juu ya kitu chochote kingine, waliandika jambo moja: bei ya viazi imepanda, watu wameuza hata blanketi, homa imeanza. Hizo barua ukizisoma kama mwanaagronomia, ni ripoti za shamba. Zinasema hali ya udongo, kiasi kilichobaki shimoni, nani amepanda na nani hakupanda. Hakukuwa na wizara ya kilimo. Ombi la msaada ndiyo ilikuwa statistiki.

Castle haikuamini kirahisi, ilizoea kufikiri kwamba watu wa Ireland wanaongeza chumvi. Lakini barua zilipoongezeka, toka wilaya nyingi, zenye sahihi za watu wasiopendana, ikawa vigumu kusema wote wanadanganya. Serikali haikutaka kugawa chakula bure. Ilipendelea kazi kwa malipo. Ikatuma mainjinia: Alexander Nimmo magharibi, Richard Griffith kusini, John Killaly upande wa Clare. Wakajenga barabara na magati kwa mikono ya wenye njaa. Kijiji cha Roundstone kule Connemara, pamoja na gati lake, ni kazi ya Nimmo wa miaka hiyo. London nako kamati ya watu binafsi ilikusanya zaidi ya pauni 300,000. Na mwaka uliofuata, 1823, kamati ya bunge ilikiri jambo ambalo barua zilikuwa zimekwisha kulisema: chakula hakikukosekana nchini kama vile franga za kukinunulia zilivyokosekana. Nafaka ilikuwapo. Iliendelea kupakiwa melini.

Zile barabara za Griffith zinanipeleka kwa aina ya mwisho ya karatasi, ambayo haikuomba kitu chochote kwa unyenyekevu. Toka 1821, kwenye ardhi ya bwana mmoja aitwaye Courtenay katika wilaya ya Limerick, wakulima waliochoka na wakala wake walianza kuasi usiku, na uasi ukasambaa Munster yote mpaka 1824. Waliandika matangazo na kuyabandika milangoni: usichukue shamba la mtu aliyefukuzwa, usilipe zaka ya kanisa la Kiprotestanti, ukikaidi, utaona. Sahihi ilikuwa ya Kapteni Rock. Kapteni Rock hakuwa mtu. Lilikuwa jina ambalo yeyote aliweza kulivaa. Na ajabu yake ni lugha: matangazo mengi yameandikwa kwa mtindo wa serikali yenyewe, na amri, tarehe, mahali, cheo. Siwezi kuthibitisha mkono wa nani, lakini nchi ile haikuwa na watu wengi wa kalamu, na mawazo yangu yanarudi kwa wale walimu wa kijiji.

Serikali ilijibu kwa sheria ya hatari ya 1822: katika wilaya zilizotangazwa, ukikutwa nje ya nyumba usiku bila sababu, unaweza kupelekwa ng'ambo miaka saba, bila baraza la raia kukusikiliza. Na barabara mpya zilizompa mwenye njaa mshahara zilifungua milima ambako askari hawakuweza kufika mbele ya hapo. Majistreti walikuwa wanayabandua matangazo ya Rock na kuyatuma Dublin kama ushahidi. Karani akayapokea, akayakunja, akayapa namba. Kwa hiyo katika masanduku yale yale, mwenye kupiga magoti na mwenye kutishia kuchoma nyumba wamelala pamoja. Nina hakika kuna nyumba zilizotoa zote mbili katika mwaka mmoja.

Miaka ile ile Daniel O'Connell, wakili Mkatoliki, alikuwa anafundisha watu kuomba kwa namna ingine. Chama chake cha 1823 kilikusanya senti moja kwa mwezi toka kwa maskini, na maombi yakaanza kwenda bungeni yakiwa ya parokia nzima, siyo ya mtu mmoja. Alichaguliwa kule Clare mwaka 1828 ingawa sheria ilimzuia kuketi bungeni. Mwaka uliofuata sheria ilibadilishwa. Hiyo historia inajulikana, naipita.

Ninayoipenda zaidi ni ya 1838. Majistreti wa Tipperary, mabwana wa ardhi, waliandika ombi lao wenyewe kwa Castle: mauaji yamezidi, tupeni sheria kali zaidi. Hapo Katibu Mdogo alikuwa Thomas Drummond, Mskoti. Aliwajibu kwa heshima, lakini aliwakatalia, na akawakumbusha kwamba kuwa na mali kuna wajibu kama vile kuna haki, na kwamba kuusahau ule wajibu siku za nyuma njo kulikozaa hizo shida. Mkubwa aliyepelekewa jibu, Lord Donoughmore, alikaa nalo kwanza bila kuwaonyesha wenzake. Kwa miaka ishirini masanduku yalikuwa yamejaa makatazo kwa watu wadogo. Safari hii wakubwa njo walikatazwa, kwa karatasi ya biro ile ile.

Nimebakiza wanawake. Meli ya kwanza ya wafungwa toka Ireland moja kwa moja, iliyoitwa Queen, ilifika Sydney 1791, na mpaka 1868 karibu watu 40,000 toka Ireland walipelekwa Australia. Mume akiwa na mwenendo mzuri kule, aliweza kuomba familia yake iletwe kwa gharama ya serikali, na mke huku Ireland akaandika kwa Castle: nitaondoka na meli gani, watoto wangapi wanaruhusiwa, mtoto mkubwa atakubaliwa au atabaki? Barua hizo hazina maneno makubwa. Zinauliza tarehe. Mwanamke ameuza vitu, ameacha kibanda, anangoja, na anajua kwamba meli ikiondoka bila yeye, kutakuwa na mwaka mwingine wa kuandika.

Mwaka 1988, Australia ilipotimiza miaka 200 ya ukoloni wake, serikali ya Ireland iliipa zawadi: kopi za mikrofilimu za karatasi za wafungwa waliopelekwa huko, pamoja na maombi yao. Vitukuu walianza kutafuta majina. Wengi walikuwa wanajua tu kwamba babu aliiba kitu. Wakakuta na karatasi ya bibi, ile aliyoiwekea alama ya msalaba: umri wa kila mtoto, jina la parokia, na nyuma yake namba, tarehe, na maneno matatu au manne ya mtu wa biro.